Skripti ya Python inaposoma vibaya data za maktaba ya C: dalili na vyanzo vyake

Maktaba iliyokwisha kukompailiwa haibebi maelezo ya miundo yake ya data. Ndani ya faili la `.so`, `.dll` au `.dylib` yamo majina ya fanksheni na anwani zake, lakini hakuna palipoandikwa kwamba uga wa pili wa muundo fulani ni `double` na unaanzia baiti ya 8. Habari hizo zilikuwa kwenye faili la `.h`, lenye matangazo ya C. Kompaila ilizitumia, kisha ikaziacha nyuma, isipokuwa kama maktaba ilijengwa pamoja na taarifa za kutafutia hitilafu. Kwa hiyo skripti inayotumia `ctypes`, moduli ya Python ya kuita maktaba za C, huamini kila inachoambiwa. Ukiielezea muundo kimakosa haikatai: inasoma baiti zilizopo na kukuletea namba, na mara nyingine namba hiyo inafanana na ukweli.

Karibu kila tatizo hapa chini linatokana na pengo hilo kati ya kile C inachokijua na kile ulichoiambia Python. Mifano inatumia muundo huu:

```c
struct sampuli {
    uint8_t  hali;
    double   thamani;
    int32_t  idadi;
    char     jina[12];
    struct sampuli *inayofuata;
};
struct sampuli *sampuli_fungua(const char *njia);
void sampuli_funga(struct sampuli *s);
```

Na upande wa Python:

```python
from ctypes import *

class Sampuli(Structure):
    pass

Sampuli._fields_ = [
    ("hali", c_uint8),
    ("thamani", c_double),
    ("idadi", c_int32),
    ("jina", c_char * 12),
    ("inayofuata", POINTER(Sampuli)),
]
```

Klasi imetangazwa tupu kwanza, nyuga zikafuata, kwa sababu muundo unajielekeza wenyewe. Ukiandika `POINTER(Sampuli)` ndani ya mwili wa klasi utapata `NameError`, maana jina hilo bado halijazaliwa. Na angalia tahajia ya `_fields_`: ukisahau mstari wa chini wa mwisho hakuna hitilafu yoyote, unabaki tu na muundo wa baiti 0.

Kabla ya kuchunguza chochote, endesha skripti hivi: `python3 -X faulthandler skripti.py`. Bila hiyo, kosa la kumbukumbu kwenye Linux hukuachia `Segmentation fault` peke yake. Ukiiwasha, Python inachapa mstari uliokuwa ukitekelezwa programu ilipokufa.

## Maktaba haifunguki

Soma ujumbe hadi mwisho. `cannot open shared object file` inaweza kuhusu maktaba uliyoitaja au maktaba nyingine ambayo hiyo inaitegemea, na jina lililo ndani ya ujumbe ndilo linalokosekana. `ldd ./libsampuli.so` itaonyesha tegemezi zote na kuandika `not found` penye pengo. Kwenye macOS amri ni `otool -L`.

Windows ina mtego wake. `Could not find module` (kabla ya Python 3.8, `WinError 126`) husema moduli haikupatikana hata kama faili lako lipo mbele ya macho, kwa kuwa kilichokosekana ni tegemezi lake. Tangu Python 3.8, tegemezi za DLL hazitafutwi tena kwenye `PATH`. Ita `os.add_dll_directory()` na folda husika kabla ya `CDLL`, yaani mwito unaofungua maktaba (`lib = CDLL(...)`; ndiyo `lib` ya mifano iliyo chini).

`wrong ELF class: ELFCLASS32`, au `WinError 193` kwenye Windows, maana yake ni kwamba Python na maktaba hazilingani: moja ni ya biti 32, nyingine ya biti 64. Hapo hakuna ujanja ndani ya skripti utakaosaidia. Tafuta maktaba inayolingana na Python yako.

`invalid ELF header` hutokea sana kwa wanaofungua `libc.so` au `libm.so` kwa njia kamili. Kwenye mifumo mingi ya Linux yenye glibc, yaani libc (maktaba ya kawaida ya C) ya GNU, `libc.so` ni faili la maandishi la kuielekeza programu ya kuunganisha, si maktaba yenyewe. Fungua `libc.so.6`.

## Maktaba imefunguka, fanksheni haionekani

Ujumbe ni `AttributeError: ... undefined symbol`. Orodhesha yaliyomo kweli: `nm -D --defined-only libsampuli.so` kwenye Linux, `nm -gU` kwenye macOS, `dumpbin /exports` kwenye Windows.

Ukiona jina kama `_Z14sampuli_funguaPKc`, maktaba ilikompailiwa kama C++ na majina yakasukwa upya pamoja na aina za agumenti. Tiba safi ni `extern "C"` kwenye msimbo wa maktaba. Kuliita jina lililosukwa kunawezekana, ila litabadilika siku mwandishi wa maktaba atakapobadilisha aina ya agumenti moja.

Usipoliona kabisa, huenda ni makro (jina ambalo hubadilishwa kuwa msimbo mwingine kabla ya kukompaili) au fanksheni ya `static inline`: vitu hivyo vinaishi kwenye faili la `.h` tu. Mfano unaojulikana ni `deflateInit` ya zlib, maktaba ya kubana data. Haimo kwenye maktaba. Ni makro inayoita `deflateInit_` kwa kuongeza agumenti mbili, yaani toleo la zlib na `sizeof(z_stream)`. Ukubwa huo ni baiti 112 kwenye Linux ya biti 64 na 88 kwenye Windows ya biti 64, na ukiupeleka vibaya unarudishiwa `Z_VERSION_ERROR`, yaani -6. Ni ulinzi mzuri sana, na inasikitisha kwamba maktaba nyingi hazina kitu kama hicho.

Kuna pia kisa cha kigeu cha kimataifa. `lib.jedwali` itakupa objekti ya fanksheni hata kama `jedwali` ni data, na ukiiita, kichakataji kitajaribu kutekeleza data kana kwamba ni maelekezo. Data husomwa kwa `in_dll`: `Sampuli.in_dll(lib, "jedwali")`.

## Programu inakufa mara ya kwanza kugusa pointa iliyorudishwa

Hii ndiyo hitilafu ya kwanza kwa karibu kila anayeanza. Usipoiambia `ctypes` fanksheni inarudisha nini, inachukulia ni `int` ya C, yaani biti 32. Pointa ya biti 64 inakatwa nusu ya juu, na kinachobaki kinaongezewa alama ya hasi ikibidi. Kuthibitisha, chapa thamani: ukiona namba hasi, au namba inayoenea kwenye biti 32 wakati `/proc/self/maps` inaonyesha kumbukumbu zako ziko kwenye `0x55...` na `0x7f...`, umepata chanzo.

```python
lib.sampuli_fungua.argtypes = [c_char_p]
lib.sampuli_fungua.restype  = POINTER(Sampuli)
lib.sampuli_funga.argtypes  = [POINTER(Sampuli)]
lib.sampuli_funga.restype   = None
```

Andika mistari miwili kwa kila fanksheni, hata ile inayorudisha `int` kweli. Kosa hili lina tabia ya kujificha: kwenye mashine ambayo anwani za kumbukumbu zinaangukia chini ya GB 2, skripti itafanya kazi bila dosari, kisha ikafa ikihamishiwa kwingine. Kwa hiyo kusema "kwangu inafanya kazi" hakuthibitishi lolote hapa.

Kuna sura ya pili ya kosa hilohilo. Umeweka `restype = c_void_p`, vizuri, na `ctypes` inakurudishia namba ya kawaida ya Python. Kisha unaipeleka namba hiyo kwenye fanksheni nyingine ambayo hukuiwekea `argtypes`. Inachukuliwa kuwa `int` na kukatwa tena, safari hii njiani kuingia. Windows kwa kawaida italalamika `int too long to convert`, lakini Linux inakata kimya. Ndiyo maana ni afadhali kutumia aina maalumu hata kwa pointa ambayo huna haja ya kuona ndani yake: tangaza `class Kishikio(Structure): pass` na utumie `POINTER(Kishikio)`. Haibadilishwi kuwa namba, na ukiipeleka kwenye fanksheni isiyoihusu utapata `ArgumentError` badala ya ajali.

Fanksheni inaporudisha NULL, `POINTER` haiwi `None`. Inakuwa pointa ambayo `bool(p)` yake ni `False`, na `p.contents` itatoa `ValueError: NULL pointer access`. Andika `if not p:` kila mara.

## Namba zinarudi lakini si zenyewe

Hapa ndipo muda mwingi wa watu huishia, na hakuna haja. Pima kwanza. Chukua faili la `.h` lilelile lililojenga maktaba na uandike programu hii ndogo:

```c
#include <stdio.h>
#include <stddef.h>
#include <stdint.h>
#include "sampuli.h"
#define O(u) printf(#u " %zu\n", offsetof(struct sampuli, u))
int main(void) {
    printf("jumla %zu\n", sizeof(struct sampuli));
    O(hali); O(thamani); O(idadi); O(jina); O(inayofuata);
}
```

Kwa upande wa pili:

```python
print("jumla", sizeof(Sampuli))
for jina, *_ in Sampuli._fields_:
    print(jina, getattr(Sampuli, jina).offset)
```

Matokeo mawili yanapaswa kufanana herufi kwa herufi. Kwa muundo wetu, kwenye mashine ya biti 64, ni: jumla 40, `hali` 0, `thamani` 8, `idadi` 16, `jina` 20, `inayofuata` 32. Ukiacha mstari wa jumla, mstari wa kwanza unaotofautiana ndio wenye kosa, au ule ulio juu yake. Kompaili kwa bendera zilezile za `-D` zilizotumiwa kujenga maktaba, maana miundo mingi ina nyuga zilizofungwa ndani ya `#ifdef`. Na hakikisha faili la `.h` ni la toleo lilelile la maktaba iliyosakinishwa. Uga mmoja ulioongezwa katikati unasogeza kila kilicho chini yake.

Kama huwezi kukompaili, namba mbovu zenyewe zinaweza kukuonyesha njia. `double` inayosomeka takribani `6.9e-310` ni pointa: anwani inayoanza na `0x7f` ikisomwa kama `double` hutoa namba ya ukubwa huo, na ile ya `0x55` hutoa takribani `4.6e-310`. Maana yake unasoma uga wa pointa mahali ulipotarajia desimali. `5e-324` ni namba kamili 1 iliyovalishwa `double`. Kinyume chake, `int` yenye thamani 1072693248 ni nusu ya juu ya `double` 1.0. Namba kubwa kama 30064771075 ni `int` mbili zilizosomwa kama moja ya biti 64, yaani 7 mara 4294967296, ongeza 3. Na ukiona 16777216 ulipotarajia 1, mpangilio wa baiti umegeuzwa, tumia `BigEndianStructure`.

Kama unasoma safu ya miundo na kipengele cha kwanza ni sahihi kabisa lakini cha pili ni takataka, usihangaike na nyuga za juu. Ukubwa wa jumla ndio mbovu, kwa kawaida kwa sababu uga wa mwisho umesahaulika.

Vyanzo vyenyewe, kwa jinsi vinavyokutwa mara nyingi:

`long` si aina moja. Ni baiti 8 kwenye Linux na macOS za biti 64, na baiti 4 kwenye Windows ya biti 64. `c_long` inafuata mfumo iliopo, kwa hiyo iache iwe `c_long` pale C inaposema `long`. Anayeandika `c_int64` kwa kuwa "kwenye Linux ni 8" ametega bomu kwa mtumiaji wa Windows. `size_t` ni `c_size_t`. `wchar_t` ni baiti 2 Windows na 4 Linux. `bool` ya C ni baiti 1, lakini `BOOL` ya Windows ni baiti 4. `enum` kwa kawaida ina ukubwa wa `int`, ila maktaba iliyojengwa kwa `-fshort-enums` inaweza kuifanya baiti 1.

Kisha baiti za kujazia, zile tupu ambazo kompaila huziacha kati ya nyuga ili kila uga uanzie anwani inayoufaa. `ctypes` huziweka yenyewe kwa kufuata kanuni za C, kwa hiyo usiziongeze kwa mkono. Hitilafu huja pale watu wanapoweka `_pack_ = 1` kwa mazoea. Muundo wetu ungeshuka hadi baiti 33, `thamani` ingesomwa kuanzia baiti ya 1, na 1.0 ingeweza kuonekana 0.0 kwa kuwa baiti za kujazia mara nyingi ni sifuri. Hatari yake ni kwamba sifuri hudhaniwa kuwa "hakuna data". Weka `_pack_` ikiwa tu faili la `.h` lina `#pragma pack` au `__attribute__((packed))`, na uiweke kabla ya `_fields_`.

Nyuga za biti, zile zinazochukua biti chache tu za neno moja, ni kundi lenye matatizo yake. Mpangilio wake hutegemea kompaila, na `ctypes` haitegemewi kupeleka miundo yenye nyuga hizo kwa thamani. Kilicho salama ni kutangaza neno zima kama `c_uint32` na kuchomoa biti kwa `>>` na `&`.

Mfano wa uga uliosahaulika unapatikana hata kwenye libc. Nyaraka nyingi huorodhesha `struct tm` kama `int` tisa, na hiyo ni baiti 36. Lakini glibc ya biti 64 inaongeza `tm_gmtoff` (`long`) na `tm_zone` (`const char *`), jumla baiti 56. Ukitangaza tisa tu na kuita `localtime_r`, libc inaandika nje ya eneo lako, hadi baiti 20 kupita mwisho wake. Saa itasomeka sawa! Programu huenda ikafa baadaye, mahali pengine kabisa, pengine kwa ujumbe kama `malloc(): corrupted top size`. Kila unapokuta ajali isiyokuwa na uhusiano na mstari inapotokea, rudi ukapime ukubwa wa kila muundo ambao maktaba inauandikia.

## Stringi: herufi moja tu, au `ArgumentError`

Bila `argtypes`, `str` ya Python hupelekwa kama `wchar_t *`. `libc.strlen("habari")` kwenye Linux hurudisha 1, kwa kuwa baada ya baiti ya `h` zinafuata sifuri. Ukiweka `argtypes = [c_char_p]` unapata `ArgumentError` iliyo wazi, na tiba ni `"habari".encode("utf-8")`, au usimbaji ambao maktaba inautaka.

Usiipe fanksheni inayoandika kwenye bafa objekti ya `bytes`. `bytes` haitakiwi kubadilika, na Python inaweza kuwa inaitumia objekti hiyohiyo kwingine. Tumia `create_string_buffer(256)`, na upeleke `sizeof(bafa)` kama ukubwa.

Uga wa `c_char * 12` unaposomwa hukatwa kwenye baiti ya kwanza yenye sifuri. Kwa jina hilo ni jambo jema, lakini kwa alama ya utambulisho au muhtasari wa usimbaji (hash) ni upotevu: baiti 12 zinarudi 5 leo na 12 kesho. Kwa data isiyo maandishi tangaza `c_ubyte * 12` na usome kwa `bytes(s.uga)`.

## Mwanzoni sahihi, baadaye takataka

Muundo umepimwa, namba za mwanzo ni sahihi, kisha zinaharibika. Sasa swali ni nani anamiliki kumbukumbu na inaishi hadi lini.

Python hujua marejeo yake tu. Ukiipa maktaba pointa ya bafa, na maktaba ikaihifadhi baada ya fanksheni kurudi, Python haina habari. Jina la mwisho linaloshika bafa likiondoka, kumbukumbu inaachiwa, na maktaba inabaki imeshika anwani ya kitu kisichokuwepo. `addressof()` ni hatari zaidi, kwa kuwa inatoa namba tupu isiyoshika chochote. Hifadhi bafa kwenye sifa ya objekti inayoishi muda ule ule na kishikio cha maktaba.

Fanksheni za Python ambazo maktaba inaziita zina kanuni hiyohiyo. Ukiandika `lib.weka_msikilizaji(MSIKILIZAJI(f))`, ambapo `MSIKILIZAJI` ni aina iliyotengenezwa kwa `CFUNCTYPE` na `f` ni fanksheni yako, objekti hiyo inakufa mara mwito unapokwisha. Huenda ikaitwa mara kadhaa kwa bahati, kisha ajali.

```python
self._msikilizaji = MSIKILIZAJI(f)
lib.weka_msikilizaji(self._msikilizaji)
```

Hitilafu ikirushwa ndani ya fanksheni hiyo haifiki kwa aliyeita. Python inachapa `Exception ignored on calling ctypes callback function` na C inaendelea bila kujua. Zungushia mwili wote `try`, na urudishe msimbo wa kosa ambao maktaba inauelewa.

Upande wa pili: kumbukumbu ni ya maktaba, nawe umeishika kupita wakati wake. `p[0]` na `p.contents` hazinakili, ni dirisha juu ya kumbukumbu ileile. `localtime` hurudisha pointa ya eneo moja la kudumu, na mwito unaofuata unaliandika upya, hivyo tarehe mbili ulizohifadhi zinageuka kuwa moja. Nakili papo hapo:

```python
nakala = Sampuli.from_buffer_copy(p.contents)
```

Nakala hiyo ni ya juu tu. `inayofuata` ndani yake bado inaelekeza kwenye kumbukumbu ya maktaba.

Kumbuka pia kwamba `CDLL` huachia kufuli kuu la Python (GIL) wakati wa mwito. Nyuzi mbili zinaweza kuwa ndani ya maktaba kwa wakati mmoja, na kama maktaba haikuandikwa kwa ajili hiyo, weka `threading.Lock` yako mwenyewe.

## Kitanzi hakina mwisho, au hakifiki mwisho

`for s in p:` juu ya `POINTER` haitasimama: pointa haina urefu, kwa hiyo Python inasonga mbele hadi iangukie kumbukumbu isiyoruhusiwa. Tumia `p[:n]`, au `cast(p, POINTER(Sampuli * n)).contents` inayokupa safu yenye urefu. Kwa orodha iliyounganishwa:

```python
s = p
while s:
    shughulikia(s.contents)
    s = s.contents.inayofuata
```

Kama utaachia kila kipengele ndani ya kitanzi, soma `inayofuata` kabla ya kuachia.

## Nimeandika thamani, C haioni

Angalia tahajia ya uga. `s.thamni = 3.5` haileti hitilafu. Python inaunda sifa mpya ya kawaida, na baiti za muundo zinabaki vilevile. Hata `Sampuli(thamni=3.5)` inakubaliwa. Kama thamani "haishiki", chapa `bytes(s)` kabla na baada ya kuandika: baiti zisipobadilika, jina ndilo tatizo.

La pili ni kuchanganya `p.contents = s` na `p[0] = s`. La kwanza linageuza pointa ielekee `s` na kuiacha kumbukumbu ya zamani kama ilivyokuwa. La pili linanakili baiti za `s` hadi pale pointa inapoelekea. Mara nyingi unachokitaka ni la pili.

## Kumbukumbu inavimba, au `free(): invalid pointer`

`restype = c_char_p` hubadilisha matokeo kuwa `bytes` papo hapo na pointa halisi inapotea. Kwa stringi ya kudumu hakuna shida. Kwa ile iliyotengwa kwa `malloc`, mfano matokeo ya `strdup`, hutaweza kuiachia tena, na kila mwito unaongeza uvujaji.

```python
libc.strdup.argtypes, libc.strdup.restype = [c_char_p], c_void_p
libc.free.argtypes, libc.free.restype = [c_void_p], None
a = libc.strdup(b"habari")
maandishi = string_at(a)
libc.free(a)
```

Hapa `free` ya libc inafaa kwa sababu `strdup` ni ya libc. Kwa maktaba nyingine tumia fanksheni yake ya kuachia, hasa kwenye Windows, ambako DLL mbili zinaweza kuwa na hifadhi mbili tofauti za kumbukumbu, na kuachia kwenye isiyohusika ni ajali. Na usiiombe maktaba iachie kitu kilichotengwa na Python: ukiandika `b"..."` kwenye uga wa `c_char_p`, kisha fanksheni ya maktaba ikauachia uga huo, ujumbe wa `invalid pointer` utakuja mara moja.

Ajali ikikataa kujieleza, tumia `valgrind`, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu, pamoja na `PYTHONMALLOC=malloc`, ili ugawaji wa Python usifiche mipaka, na utazame mstari wa kwanza wa `Invalid write`. Au `gdb --args python3 skripti.py`, kisha `run`, kisha `bt`.

## Wakati wa kuiacha `ctypes`

Muundo wenye nyuga nne au tano zisizobadilika unavumilika. Ule wenye nyuga 40, `union` ndani yake, na `#ifdef` kwa kila mfumo endeshi, hautunziki kwa mkono, na kila toleo jipya la maktaba litakurudisha kwenye kupima. Kuna njia mbili bora. Moja ni `cffi` katika hali yake ya API: unaandika matangazo kwa C yenyewe, unaweka `...;` kwenye nyuga usizozihitaji, na kompaila halisi ndiyo inayojaza ukubwa na umbali wakati wa kujenga. Nyingine ni faili dogo la C lenye fanksheni kama `double sampuli_thamani(const struct sampuli *s)`, likompailiwe pamoja na faili la `.h` la maktaba. Skripti inabaki na kishikio tu na haihitaji kujua `thamani` iko baiti ya ngapi.

Ukilazimika kubaki na `ctypes`, weka kipimo ndani ya moduli yenyewe, mara tu baada ya `_fields_`:

```python
if sizeof(Sampuli) != 40 or Sampuli.inayofuata.offset != 32:
    raise ImportError("muundo wa sampuli haulingani na maktaba")
```

Namba hizo ni za mifumo ya biti 64. Kwa ya biti 32 pima upya na uziweke kando. Maktaba ikiwa na fanksheni inayorudisha `sizeof` au toleo lake, linganisha na hiyo pia, maana kipimo cha Python peke yake hakiwezi kugundua kwamba upande wa C ndio uliobadilika.